Viti vya Denmaki Vimefika Chanji

Jumapili, 6 Julai 2008

Edith anaposwa! Edith wangu! Mwalimu Edith wa Mpui, mwenye cheti, mwenye mwandiko kama umepigwa chapa!

Haya, hujambo daftari? Mimi sijambo kabisa. Naendelea.

Mposaji ni Steven, bwana mifugo, mtoto wa Mzee Ndalahwa. Wasukuma wa bondeni, kule chini Rukwa kwenye joto. Ng'ombe wa mzee huyo wakivuka barabara basi linazima injini, abiria wanashuka kununua mahindi ya kuchoma, wanamaliza kula, ng'ombe bado wanavuka. Watakuja kuleta posa tarehe kumi na sita Agosti. Nimeimba njia nzima kutoka kanisani. Baba Edith, yaani mume wangu Baltazari, dereva mstaafu, akasema nipunguze sauti, mtaa mzima wa Chanji umeshasikia. Ndicho nilichotaka!

Wifi yangu Cornelia akanipongeza kwa upande mmoja wa mdomo. Kisha akauliza taratibu, mbele ya watu: "Na wakwe mtawakalisha wapi, wifi? Kwenye vile viti vyenu vya jikoni?"

Sindano hiyo. Yeye ana kochi la Mbeya, bado limevaa nailoni lake la dukani. Mgeni akikaa linalia kama bata.

Ila kasema kweli, na ndiyo inayoniuma. Sebule yangu ina saruji, ina pazia, ina picha ya Edith na joho. Viti haina. Tulivyo navyo ni vinne vya marehemu baba yangu, aliyekuwa seremala kule Kaengesa. Alivitengeneza nilipoolewa, akaja kuvimalizia hapa hapa jikoni, msumeno mkononi. Sakafu ya jiko ni udongo na imeinama kuelekea mlangoni, maji yatoke. Basi kila kiti akakiweka mahali pake kuzunguka moto, akakikata mguu kidogo kidogo mpaka kikatulia. Jikoni vimetulia kama masista kwenye misa. Ukivitoa nje vinacheza ngoma. Na vimekuwa vyeusi kwa moshi, na ngozi ya kukalia imepasuka. Mtu mwenye ng'ombe wote wale nimkalishe juu ya ngozi iliyopasuka? Thubutu!

Jumanne, 8 Julai

Mpango umepatikana. Intaneti!

Jenifer ana intaneti kafe karibu na soko. Kompyuta tatu, inayofanya kazi moja. Ananiambia kuna bwana Dar es Salaam, anaitwa Oswaldi, anauza samani za mtumba za Ulaya humo humo ndani ya intaneti. Si mtumba wa kawaida. Mtumba wenye jina. Eti Ulaya kuna watu wanaitwa wabunifu, na kazi yao ni kufikiria kiti. Basi. Hawashiki msumeno. Wanakifikiria tu, na kiti kinakuwa ghali. Nikamwambia Jenifer mimi nimefikiria viti tangu Jumapili na hakuna aliyenilipa.

Lakini ndiyo soko huria! Zamani tulipanga foleni ya sabuni tangu alfajiri, tukirudi na nusu mche tunamshukuru Mungu. Leo hii Ulaya inaingia Chanji. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini la saba la zamani, lile lililokuwa na masomo ndani yake. Siwezi kushindwa na wifi.

Alhamisi, 10 Julai

Baraka hazina hodi. Leo kapita kijana wa makamo na mkokoteni, anaitwa Isdori, ananunua vitu vya zamani. Akaniamkia vizuri, shikamoo mama, habari za nyumbani, akauliza kama nina chochote kilichochoka. Nikamwingiza jikoni. Akaviona viti vya baba. Akakipindua kimoja, akakitazama tumboni, akakigonga kwa kidole. Kisha akasema, "Hizi ni kuni, mama. Lakini wewe ni kama mzazi wangu, nitakusaidia kuzibeba."

Watu wema bado wapo. Kabeba vyote vinne, na kunilipa juu.

Baba Edith karudi, kaingia jikoni, kasimama pale kilipokuwa kiti chake. Muda mrefu. Nikadhani anasali. Halafu akapindua debe, akakaa juu ya debe. Hakusema neno mpaka ugali ulipoiva, na neno lenyewe lilikuwa "chumvi". Nikamwambia avumilie. Anayekaa kwenye debe leo, kesho atakaa Ulaya.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeagiza!

Jenifer kafungua ukurasa wa Oswaldi. Picha ikaanza kushuka kutoka juu, taratibu, kama pazia lililokwama. Kwanza ukuta. Tukangoja. Ukuta tena. Nikanunua chai. Ukaja ukingo wa juu wa kiti, unang'aa, mweusi mwekundu, heshima tupu. Umeme ukakatika.

Jenifer akasema tusubiri urudi tuone kilichobaki. Nikamwambia mtu mwenye jicho hahitaji kuona kiti kizima. Maneno tulikuwa tumeshayasoma: Viti vinne orijino. Denmaki. Mbunifu mashuhuri. Mtumba daraja la kwanza, vimebaki hivi tu. Hivi tu! Cornelia akiwahi je?

Na sikiliza mambo ya Mungu. Oswaldi ana wakala wake hapa hapa Sumbawanga, unamlipa yeye. Wakala ni nani? Isdori! Yule yule wa mkokoteni! Mtu mmoja asubuhi ananunua kuni, jioni anawakilisha Denmaki. Ndiyo maendeleo hayo. Ulezi wangu wote wa kuuza mwaka huu umekwenda, pamoja na yule beberu wa Krismasi. Isdori akasema viti viko melini, vinakaribia. Hata mlango wa stoo yake pale nyuma ya soko hakuufungua vizuri, aliharakisha kunihudumia.

Jumapili, 20 Julai

Siku mbaya.

Edith kapiga simu kutoka Mpui. Kuna mtu kamwambia nimeuza viti vya babu yake. Mtu huyo ana kochi lenye nailoni, simtaji. Edith hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, "Mama, babu alinifundisha kusoma juu ya kile kiti. Ba, be, bi, moto ukiwaka. Alisema kimoja ni changu siku nikiolewa. Wewe ukasema ni kuni?" Nikamwambia aliyesema kuni ni Isdori. Akasema basi posa isubiri kwanza. Hawezi kutolewa kwenye nyumba inayouza hata mahali pa babu pa kukalia. Akakata.

Posa isubiri! Mzee Ndalahwa ameshaalika ndugu zake!

Nikamkimbilia Isdori kuulizia viti vya zamani. Akatikisa kichwa kwa huruma. "Vimeshafika mbali, mama. Mbali sana." Nikarudi, nikaingia jikoni nilie kidogo. Nililia nimesimama. Pa kukaa hapakuwepo.

Baadaye nikajipa moyo. Akiviona vya Denmaki atasahau. Mtoto ni mtoto.

Jumamosi, 2 Agosti

Vimefika! Vimefika! Vimefika!

Isdori kavileta mwenyewe, vimefungwa magunia na maboksi mpaka huoni mguu. Kasema vimeshuka kwenye lori kutoka Dar, kupitia Tunduma. Nikavifungulia uani, lango wazi kabisa, ili majirani wasipate shida ya kuchungulia.

Jamani! Vinang'aa! Mito myekundu ya kukalia! Chini kuna karatasi ya dhahabu imebandikwa, maandishi ya Kizungu!

Baba Edith badala ya kupiga makofi akapitisha kidole. Akasema barabara ya Tunduma yeye kaiendesha nusu ya maisha yake, na hakuna kitu kinachopita humo kikafika bila vumbi. Hata kuku mweupe anashuka mwekundu. Hivi havina chembe. Nikamwambia vitu vya Ulaya havishiki vumbi. Akakaa. Akainuka, suruali ikabaki nyuma kidogo. Akasema vanishi ni mbichi. Nikamwambia ni unyevu wa bahari. Akasema, "Mama Edith, hivi viti si kama..." Nikamkatiza. Nilijua anataka kulinganisha. Mtu aliyekaa kwenye debe wiki tatu hana haki ya kulinganisha.

Jumanne, 5 Agosti

Vinacheza.

Nimeviweka sebuleni juu ya saruji. Ukikaa, ta-ka. Ukipumua, ta-ka. Ukicheka unahama. Nikaenda kwa Jenifer nimevimba, nikamwamuru amwandikie Oswaldi maneno makali. Jibu likarudi kabla sijamaliza andazi. Oswaldi anashangaa kwamba mteja mwenye hadhi yangu hajui. Mbunifu alifupisha mguu mmoja kwa makusudi, na kila kiti mguu tofauti. Ndiyo alama yenyewe! Kiti kinamkumbusha anayekaa kwamba maisha hayatulii. Feki ndizo zinazotulia.

Nilirudi Chanji shingo imenyooka kama mlingoti.

Cornelia yuko sebuleni kwangu, amekuja kukagua. Akakaa. Ta-ka. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Wifi, umeletewa viti au umeletewa farasi?" Nikamwacha acheke. Kisha nikamweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Nikamwambia hata kochi la Mbeya lingekuwa na jina, lisingetulia vile. Cheko likapungua. Akauliza ni mguu gani hasa unaofupishwa. Nikasema wowote, wa nyuma unapendeza. Akatazama dari. Baada ya muda akauliza tena, wa nyuma wa kulia au wa kushoto, eti anauliza tu.

Alipoinuka, kitenge kilibaki na alama ya vanishi. Sikumwambia. Alama ya Denmaki ni heshima.

Alhamisi, 7 Agosti

Mungu anisamehe, nimecheka mpaka nimeumwa tumbo.

Cornelia kakata kochi! Kakata mguu wa nyuma wa kulia, kwa msumeno wa kuazima. Mumewe hakuambiwa. Karudi na njaa, kakaa na bakuli lake la mchuzi wa samaki migebuka, kochi likamlaza chali, migebuka ikafika kwenye kalenda ukutani. Cornelia akasema ni orijino hiyo. Mumewe akauliza orijino ya nini. Cornelia akataka kurekebisha, akakata mguu wa pili, ukazidi. Sasa ukikaa kwake unatazama juu kama uko kwa daktari wa meno.

Jambo jingine, dogo. Upepo wa huku juu Ufipa mwezi huu unakata masikio, na Baba Edith kasema sebule ni barafu. Akabeba kiti kimoja cha Denmaki, akakipeleka jikoni, karibu na moto. Nikapiga kelele kuhusu moshi. Akakiweka pale pale alipozoea kukaa. Akakaa.

Kimya. Hakuna ta-ka.

Akaenda kuleta cha pili. Akakijaribu huku, ta-ka, akakihamisha kule, kimya. Cha tatu hivyo hivyo. Cha nne hivyo hivyo. Vyote vinne vimetulia kuzunguka moto. Akanitazama. "Mama Edith," akasema. Nikasema nini. Akasema, "Hakuna." Akaanza kutabasamu peke yake kama mtu aliyekula na hakukamatwa.

Mimi nikafikiria, nikafikiria, na nikagundua! Huyo mbunifu wa Denmaki aliwahi kufika Kaengesa! Wageni wangapi wa Kizungu wamepita pale? Akaviona viti vya baba, akavifikiria mpaka kwao! Wazo la baba yangu limeibwa, na mimi bintiye nimelinunua kwa ulezi. Lakini ona heshima: baba yangu, ambaye hajawahi kuvuka Tunduma, ana mwanafunzi Denmaki. Nitamwambia kila mtu.

Ijumaa, 15 Agosti, Kupalizwa Bikira Maria

Edith kaja! Baba yake alimpigia simu, akamwambia tu, "Njoo uangalie jikoni."

Hakunisalimia vizuri. Shikamoo ya barafu. Akapita moja kwa moja jikoni. Nikamfuata nyuma na hotuba yangu ya ubunifu tayari mdomoni. Nikamkuta amepiga magoti. Ameng'oa mto mwekundu wa kiti kimoja. Chini yake kuna ngozi ya ng'ombe, na imepasuka. Akaingiza kidole chini ya mbao, mahali ambapo fundo la mti liliacha kitundu, akatoa ganda la karanga. Akalitazama. Akasema alikuwa anaficha karanga humo, babu asimwone anakula wakati wa kusoma.

Akainuka akaniangukia shingoni, analia. "Mama! Umevitafuta! Umevirudisha!"

Nifanyeje? Nikasema ndiyo. Si uongo, vimerudi. Kama mtoto kaona viti vya babu yake, mimi ni nani nimnyime? Baba Edith akakohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Edith akasema posa ipo, wakwe waje kesho. Nikamkumbatia tena mpaka akasema mama unaniumiza.

Ila moyoni najua ni vya Denmaki. Na huyo mbunifu ni hodari kweli. Kaiga mpaka ganda la karanga!

Jumapili, 17 Agosti

Jana! Jana jamani!

Walifika na magari mawili. Mzee Ndalahwa mrefu, blanketi begani, mpole, macho ya kuhesabu. Nyuma yake mtu kabeba kigoda chake, cha miguu mitatu. Viti vyangu nilikuwa nimevirudisha sebuleni tangu asubuhi, mito myekundu mahali pake. Mzee akatazama viti, akatazama saruji, akachagua kigoda chake. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi popote duniani. Nikaumia.

Mshenga wao Meshack akakaa kwenye Denmaki, akaanza maneno: tumeona ua katika nyumba hii, ta-ka, tumekuja kwa heshima, ta-ka. Kila akifika penye heshima kiti kinajibu. Wazee wetu wawili wakaanza kucheza naye, huyu anashuka, yule anapanda. Pombe ya ulezi ikamwagika juu ya kitenge kipya cha Cornelia. Edith kwenye mlango kaziba mdomo. Sikujua analia au anacheka.

Mzee Ndalahwa akavuta blanketi. Meno yanagongana. Mtu wa bondeni huyo, baridi ya huku hajaizoea. Akauliza kwa upole kama katika nyumba hii kuna moto.

Kabla sijafungua mdomo Baba Edith keshabeba viti viwili, Steven kabeba viwili. Jikoni! Wakwe zangu jikoni! Nimepaka sebule rangi, nimefua pazia mara mbili, halafu watu wanakaa chini ya mahindi yaliyoning'inia, katikati ya masufuria! Nilitamani ardhi inimeze, lakini palikuwa na watu wengi mno, hata ardhi haikuwa na nafasi.

Basi Baba Edith akaweka kila kiti mahali pake. Kimya. Mshenga akasema maneno yake yote mpaka mwisho na hakuna kilichomjibu. Mzee Ndalahwa akaona, akaacha kigoda chake, akaomba akae kwenye kiti cha karibu na moto. Akakaa. Akanyoosha miguu. Akasema, "Sebuleni mgeni anaonyeshwa pazia. Jikoni anaona watu." Akaomba ugali wa ulezi, akaongezewa, akaongezewa.

Halafu akauliza nani kafanya kazi hii ya viti. Edith akasema "babu", mimi nikasema "Denmaki", pamoja, kama kwaya. Mzee akageuka kwangu. Akauliza kama marehemu baba yangu alikuwa Mdenmaki. Nikamjibu hapana, baba, ila walifikiri pamoja. Jiko zima likacheka. Nadhani walifurahia uhusiano wetu na Ulaya.

Posa imepokelewa! Edith kaulizwa mara tatu kama anamjua mgeni huyu, mara tatu kasema anamjua, amekaa kwenye kiti chenye kitundu. Ng'ombe wa mahari wanakuja Septemba mapema. Cornelia peke yake alibaki sebuleni anapangusa kitenge. Nikampelekea kahawa. Mimi sina kinyongo.

Ijumaa, 22 Agosti

Sherehe ya kumuaga Edith inakuja, na nimeona aibu nyingine. Kabati la vyombo! Lile la mama, ambalo mlango wake haufungi mpaka ulipige teke chini kushoto. Watu wa bondeni wanione napiga kabati mateke? Bahati nzuri Isdori alipita Jumanne. Akasema ni kuni. Kalibeba.

Na leo Jenifer kaniita mbio. Oswaldi ana kabati! La Italia! La mbunifu! Picha ilishuka mpaka kwenye kitasa, umeme ukakatika, lakini maneno tumeyasoma: mlango wake una mtindo wa pekee, unafungwa kwa mguu. Kwa mguu! Chini kushoto! Nikapiga kelele mpaka wateja wakageuka. Waitaliano nao! Mguu wangu una mazoezi ya miaka yote hiyo, nitakuwa mwanamke wa kwanza Sumbawanga kulifunga bila kufundishwa.

Nimeshaliagiza. Nitalipa kwa ng'ombe wa kwanza wa mahari, akishafika. Isdori amekubali, mtu mwema yule. Baba Edith kasema kabla ya kulipa twende sote stoo ya Isdori nyuma ya soko, tukachungulie. Nikamwuliza tukachungulie nini, na kabati liko baharini? Akajifunika kofia usoni. Amekaa kwenye kiti chake, karibu na moto, mabega yanatikisika. Kiti hakitikisiki.

Isdori kaapa litafika kabla ya siku yenyewe. Kwa hiyo waje wote! Waje wa Kaengesa, waje wa Mpui na vitoto vya darasani kwa Mwalimu Edith, waje wa bondeni na mablanketi yao, hata wifi Cornelia aje, akae popote panapomtulia. Waje waone kabati la Italia linavyofungwa. Jumamosi, tarehe ishirini Septemba.